Nguzo ya Kushoto

Nguzo ya kulia ilizunguka. Ya kushoto ikagoma.

Inspekta Hosiana aliikamata kwa mikono miwili, akakaza kiuno, akasukuma. Haikusogea hata unywele. Akarudi kwenye ya kulia, akaigusa kwa vidole viwili tu. Lile jiwe jeusi, refu kiasi cha kumfika kifuani, likazunguka taratibu ndani ya tundu lake bila kelele.

"Imegoma tangu lini?"

"Jumatano alfajiri," akajibu Mzee Sikujua, mwadhini wa msikiti. "Jumanne alfajiri nilizizungusha zote mbili. Nazizungusha kila siku nikimaliza swala, kama alivyofanya baba yangu, na baba yake."

"Una uhakika ni Jumanne, mzee?"

"Mwanangu, nina miaka sabini na nane. Majina ya wajukuu nasahau. Nguzo sisahau."

Ilikuwa Jumamosi, saa nne kasoro asubuhi, ndani ya msikiti wa zamani wa Nyamalulu, machimbo yaliyo mwendo wa nusu saa kutoka Geita mjini. Hosiana alikuwa amevua viatu mlangoni na kujitanda kitenge cha kuazima. Alikuwa hajalala vizuri tangu Jumatano. Siku hiyo Paskazia alikuja kituoni na kusema mumewe, Jilala, ameshuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, Jumanne asubuhi na hajarudi nyumbani.

Mwenye duara hilo, Benjamini, alikuwa na jibu tayari. Jilala ameacha kazi, amekwenda Nkome kununua dagaa. Simu ya Jilala kweli ilisomeka Nkome. Hosiana akapoteza siku mbili mwaloni, kati ya vichanja vya dagaa, akiuliza boti moja baada ya nyingine. Jana jioni akaikuta simu mfukoni mwa mchuuzi wa samaki. Mchuuzi aliinunua Jumatano kwa dereva wa tipa. Tipa lilikuwa la Benjamini.

Asubuhi hii Paskazia alimpeleka kambini na kumwonyesha viatu vya ngozi vya Jilala chini ya kitanda, vimepigwa rangi. Wachimbaji hushuka duarani na mabuti ya mpira, viatu vizuri hubaki kambini. Hakuna mchimbaji anayekwenda safari na mabuti yenye matope halafu akaacha viatu vyake vya safari nyuma.

Kwa hiyo Jilala alikuwa chini. Na duara hilo, namba tisa, lilikuwa limefukiwa Jumatano asubuhi, mita arobaini za kifusi, kutoka chini mpaka juu. Kulifukua ni kazi ya juma zima.

Hosiana aliingia msikitini kwa sababu ulikuwa jirani, hatua themanini tu kutoka duarani. Alitaka kujua kama kuna mtu aliyeona tipa likimwaga. Mzee Sikujua hakuona tipa. Lakini aliuliza, kwa aibu kidogo, kama polisi wanapokea malalamiko ya nguzo.

"Mimi ni mtu wa kanisani," Hosiana alisema. "Nieleze hizi nguzo ni za nini."

"Fundi aliyejenga hapa aliitwa Awadhi," mzee akaanza. "Mtu wa Hodeida, Yemeni. Wakati ule Yemeni ilikuwa chini ya Waturuki, naye alikuwa fundi mawe wao. Aliwajengea misikiti, kambi za askari, madaraja. Akagombana na mkubwa mmoja, akakimbia. Akashuka pwani yetu, akafuata wafanyabiashara wa ngozi mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka hapa. Mjerumani yupo. Mwaka ameuchonga pale juu ya mlango, elfu moja mia tatu na ishirini na nane wa Hijria. Babu yangu ndiye aliyembebea mawe."

"Nguzo, mzee."

"Nakuja kwenye nguzo. Misikiti ya pwani ya siku zile ilikuwa paa bapa juu ya nguzo nyingi. Yeye alijenga kama alivyozoea kwa Waturuki. Chumba kimoja cha mraba, katikati hakuna kitu, kuba moja juu, na mnara mwembamba uliochongoka. Chokaa aliichoma kwa makome ya ziwani, wapagazi wakayabeba siku tatu. Na kila Ijumaa walimwombea Sultani wa Waturuki kwenye hotuba, mtu ambaye hapa hakuna aliyewahi hata kuiona picha yake."

"Mzee Sikujua."

"Nimefika. Nchi za Waturuki hutetemeka. Kwa hiyo mafundi wao huweka nguzo mbili pembeni mwa kibla." Alinyoosha mkono kwenye kile kishubaka cha ukutani anaposimama imamu. "Hazibebi kitu. Zimeshikwa na jiwe la chini na jiwe la juu, nafasi ya kucha tu. Zikizunguka, nyumba imesimama sawa. Ikigoma moja, ukuta umeshuka upande huo."

Hosiana alitazama dirishani. Kibla kilielekea kaskazini. Kushoto kwake ni magharibi, na huko magharibi ndiko liliko duara namba tisa.

"Charles," akaita.

Sajini Charles, mtu mnene wa miaka hamsini na mbili mwenye goti bovu, alikuwa ameshapiga magoti kwenye kona kwa shida, tochi mkononi. Kabla ya kuvaa sare aliwahi kuchimba miaka sita huko Nyarugusu.

"Ufa hauonekani, Afande. Lakini kuna unga." Aliinua kidole cheupe. "Jiwe la juu limeisaga chokaa. Ni unga mpya huu, haujashika vumbi."

"Miaka mia na zaidi imezunguka," Hosiana alisema. "Imegoma usiku wa siku aliyoshuka Jilala. Mzee, ulimwambia nani?"

"Maalim Mayala, imamu wetu. Alisema nipake mafuta ya nazi. Nikapaka."

"Kuna kingine kilichobadilika humu tangu Jumanne?"

Mzee akarekebisha kofia yake.

"Kingine si cha polisi."

"Niachie mimi niamue."

"Ni majini." Alishusha sauti. "Ndani ya kuba na ndani ya kuta Awadhi alizika mitungi ya udongo mitupu, midomo inatazama ndani. Ndiyo ile mishimo midogo unayoiona. Ni ufundi wa Waturuki pia. Imamu akinong'ona hapa, mtu wa mlangoni anasikia. Sasa Jumatano mitungi ikaanza kugonga yenyewe. Mchana na usiku. Alhamisi vilevile."

"Inagongaje?"

Mzee akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole. Mara tatu. Akanyamaza. Mara tatu tena.

Charles aliacha kujifuta magoti.

"Afande," alisema. "Hiyo ni moko. Ile tindo yetu ndefu ya chuma. Mtu akifukiwa anagonga mwamba hivyo hivyo, tatu, anasikiliza, tatu. Kila mchimbaji anafundishwa siku ya kwanza."

"Mlifanya nini mliposikia?" Hosiana alimuuliza mzee.

"Tulisoma," ilijibu sauti nyingine.

Maalim Mayala alikuwa amesimama mlangoni, Msukuma mrefu wa miaka kama arobaini, kanzu imefungwa vishikizo mpaka shingoni. Alikuwa amesikia yote.

"Jana baada ya Ijumaa niliita kisomo," alisema. "Watu mia mbili humu ndani, sauti moja. Kugonga kukakoma pale pale, tungali tunasoma. Tukamshukuru Mungu."

Hosiana akakunja mkeka mbele ya kibla, akalala kifudifudi, akaweka sikio kwenye sakafu. Charles akampa jiwe. Akagonga mara tatu, akasubiri. Akagonga tena. Alirudia kwa dakika tano, akibadilisha mahali, mpaka vumbi likamshika mashavuni.

Hakuna aliyejibu.

* * *

Benjamini alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya duara lake lililofukiwa, anakunywa chai ya rangi. Alikuwa mtu safi, mpole wa sauti.

"Karibu, Afande. Nimesikia umetoka Nkome. Dagaa wa msimu huu wanasemaje?"

"Wanasema dereva wako aliuza simu ya Jilala."

"Dereva huyo nimemfukuza. Mwizi."

"Kwa nini ulifukia?"

"Maji yalijaa, na mkanda wa dhahabu umekatika. Duara lililokufa hufukiwa, ndiyo sheria. Ningeliacha wazi ungekuja kunikamata kwa kuliacha wazi."

"Mkanda ulikuwa unaelekea wapi?"

"Magharibi." Alionyesha kwa kikombe, upande ambao hakuna msikiti.

Hosiana alizunguka ile winchi ya kamba iliyokuwa imelazwa chini, kisha lundo la magogo ya kuzuilia mwamba. Magogo yalikuwa mabichi, yamekatwa juzi juzi, yote mafupi, hayazidi kimo cha kiunoni.

"Haya unazuilia nini?"

"Mapango ya chini."

"Pango gani la kiuno?"

"Charles," Benjamini akasema, bila kumtazama Hosiana, "wewe ni mchimbaji. Mweleze mama mambo ya duarani. Yeye hata kushuka haruhusiwi."

"Ninayajua," Charles akajibu. "Magogo mafupi ni ya mtu anayepanda, anafuata mkanda kwenda juu akiwa amelala. Ukienda magharibi mwamba unashuka. Upande unaopanda ni huu mwingine."

Benjamini akaweka kikombe chini.

Hosiana akamshika mkono juu ya kiwiko, akamtembeza zile hatua themanini mpaka msikitini. Mlangoni Paskazia alikuwa ameketi kando ya rafu ya viatu. Aliwatazama wakipita.

"Zungusha hiyo," Hosiana alimwambia Benjamini mbele ya kibla.

Akazungusha ya kulia. Ikaenda.

"Na hiyo."

Akajaribu. Akajaribu tena.

"Ilikuwa inazunguka mpaka Jumanne," Hosiana alisema. "Saa sita na nusu watu mia mbili wanaingia humu kwa swala ya adhuhuri. Kila mmoja wao ameizungusha hiyo nguzo tangu utotoni. Naweza kuwaeleza mimi kwa nini imegoma. Au utanieleza wewe sasa hivi, nikufunge pingu, nikutoe kwa mlango wa nyuma ukiwa mzima."

Benjamini aliangalia mlango. Akatazama juu kwenye kuba, kama mtu anayeiona mara ya kwanza.

"Ulipanda," alisema. "Mkanda ulipanda. Dhahabu inaonekana kwa macho, Afande, huhitaji hata tochi. Ningefanyaje?"

"Ulifika umbali gani?"

"Chini ya kona hii. Mita nne kutoka sakafu. Pengine nne na nusu. Nilikataza kuchimba wakati wa swala wasisikie."

"Jumanne."

"Saa kumi jioni pango la juu likakatika na kuziba njia. Jilala alikuwa mbele. Alikufa pale pale. Nilishuka mwenyewe, nikaita, nikaita. Hakuna aliyeitika. Mtu amekufa, na ikijulikana nilikuwa chini ya msikiti wangenichoma moto na kambi yote. Nikafukia."

"Aligonga siku tatu."

"Siyajui hayo. Mimi niliita, hakuitika."

Hosiana aliandika maneno yake, akamsomea. Benjamini akatikisa kichwa kukubali. Charles akamfunga pingu kwenye nondo za dirisha la baraza ya nyuma, askari mwingine akawekwa hapo.

* * *

Gari la uokoaji lilikuwa Buseresere kwenye ajali ya basi. Lisingefika kabla ya saa mbili usiku. Kijiko cha kuchimbia kilikuwepo karibu, lakini Mzee Sikujua alisema kikinguruma dakika kumi tu kando ya ule ukuta, kuba litaingia ndani.

"Kwa mikono, basi," Hosiana alisema. "Kwenye kona hii, tushuke moja kwa moja."

"Konani hapana," mzee akasema. "Tazama juu. Kuba la mviringo limekalia chumba cha mraba. Uzito wote Awadhi aliutelemsha kwenye hizi kona nne, hapo zilipojazwa mawe kama tanga. Kona hii imeshapungukiwa chini. Ukiichimba, imekwisha. Ukuta wa katikati haubebi kitu zaidi ya nafsi yake. Na katikati ya ukuta, mahali pembamba kuliko pote, ni hapo."

Wote wakatazama alipoonyesha. Ni kibla chenyewe. Sakafu anaposimama imamu.

"Ukishuka hapo mita nne, kisha ukageuka kushoto," Charles alisema, "unaingia pangoni kwake ubavuni."

Hosiana akamgeukia Maalim Mayala.

"Maalim, siwezi kukuambia kwamba yu hai. Nimegonga, hakuna jibu. Inawezekana tunavunja msikiti wenu kwa ajili ya maiti. Na inawezekana ukaanguka wote."

Maalim alikwenda kibla, akasimama mahali pake. Kisha akainama, akakunja mswala wake mwenyewe, akauweka kwapani.

"Adhuhuri tutaswali uwanjani," alisema. "Waite wachimbaji."

Walikuja kumi na wawili, Waislamu na Wakristo, wenye sururu na machepeo. Walipofika mlangoni wote wakasimama, wakaanza kuvua mabuti, na matope yakawa yanadondoka barazani.

"Vaeni," Maalim aliwaambia. "Leo ingieni nayo."

Walipiga sururu ya kwanza saa sita na robo. Chini ya sakafu ya chokaa kulikuwa na changarawe nyekundu, ngumu kama tofali la kuchoma. Walichimba wawili wawili kwa dakika kumi, wakitoka wengine wanaingia. Hosiana alisimama ukingoni na kupokea ndoo za udongo.

"Afande, samahani," mmoja wao alisema akiwa ndani mpaka mabegani. "Mwanamke akisimama mdomoni mwa shimo, mwamba unakimbia na dhahabu yake."

"Ukikimbia ukamwacha mtu nitashukuru. Chimba."

Charles alipewa kazi moja tu. Kukaa kwenye nguzo ya kulia na kuizungusha kila baada ya dakika moja.

"Nimekuwa mwadhini," Charles alinung'unika.

"Ikianza kuwa nzito unasema. Ikigoma tunatoka wote."

Saa nane walikuwa mita mbili. Saa tisa na nusu walikuwa mita tatu na nusu na wamegeuka kushoto, wanachimba wamelala, kila kichwa cha mtu kimeingia ndani ya mwamba na miguu imebaki nje. Magogo mafupi ya Benjamini yaliletwa kwa mikokoteni, yakashushwa kuzuilia dari.

"Afande," Charles alisema. "Imekuwa nzito."

"Kiasi gani?"

"Asubuhi ilikuwa vidole viwili. Sasa ni kiganja kizima."

Vumbi jeupe lilidondoka kutoka kwenye mojawapo ya ile mishimo ya mitungi na kuangukia mkeka. Wachimbaji waliokuwa wanasubiri wakatazama juu. Wawili wakarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Bado kiasi gani huko chini?" Hosiana aliuliza shimoni.

"Sururu inalia tofauti. Kuna uwazi mbele. Kama mkono mmoja, au miwili."

"Charles?"

"Mikono miwili sasa. Inakwenda kwa kusukuma."

Mzee Sikujua alikuwa amekaa chini ya ile kona, mgongo ukutani, kana kwamba angeweza kuisaidia. Hosiana alimwambia atoke. Hakutoka.

"Wanaotaka kutoka watoke," Hosiana alisema. "Mimi naipa dakika tano."

Hakuna aliyetoka zaidi ya wale wawili. Baada ya kitambo kidogo mmoja wao alirudi, akachukua ndoo.

Sururu ikapenya. Waliosimama juu waliisikia hewa ikitoka, nzito, yenye harufu ya jasho na mkojo. Mtu wa mbele akaingiza tochi, kisha mkono, kisha kichwa.

Paskazia alikuwa ameingia bila mtu kumwona. Alisimama nyuma ya Hosiana, mikono imefungwa tumboni.

"Yupo?" Hosiana aliuliza.

Mwanga wa tochi ulizunguka huko chini.

"Nauliza, yupo?"

"Wapo wawili," sauti ikajibu kutoka chini.

Hosiana akamtazama Charles. Charles akatikisa kichwa. Hakuna mtu mwingine yeyote aliyeripotiwa kupotea.

"Mmoja anapumua. Shusheni kamba."

Paskazia hakuuliza ni yupi. Alisogea tu mpaka ukingoni, na safari hii hakuna mchimbaji aliyemwambia asisimame hapo.

Walimtoa mtu mfupi mwenye mvi, macho yamefumba kwa sababu ya mwanga, aproni ya mpishi bado imefungwa kiunoni. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Hosiana akamlaza kwenye mkeka, akamlowesha midomo kwa kitambaa.

"Jina lako nani?"

"Donatus. Mtu wa Mhunze, mgeni hapa." Sauti ilikwaruza. "Mpishi. Nilianza kazi Jumanne hiyo hiyo. Niliambiwa nimpelekee fundi chakula chini. Na dumu la maji."

"Jilala?"

Donatus aligeuza uso, akamwona mwanamke ukingoni, akaelewa.

"Shemeji," alisema. "Alikuwa ameumia kifua tangu mwanzo. Maji mengi alinipa mimi. Amefariki leo, mlipoadhini alfajiri. Tangu hapo sikuwa na nguvu hata ya kuinua moko."

Paskazia akakaa chini. Hakulia. Alikaa tu, miguu imenyooka kama mtu aliyechoka kwa safari.

Maalim Mayala akapiga magoti kando ya mkeka.

"Mlikuwa mnagonga," alisema. "Jana mkaacha. Kwa nini mliacha?"

"Tuliwasikia mnasoma, Shehe. Watu wengi, juu yetu kabisa. Jilala akasema, basi, wametusikia, hao wanatuombea, sasa hivi wanachimba. Tutunze nguvu. Tukaacha kugonga, tukasubiri."

Maalim hakuinuka. Alibaki hivyo hivyo, viganja juu ya mapaja.

"Donatus," Hosiana alisema, "nina swali moja, halafu unapelekwa hospitali. Jumanne, pango lilipokatika, mlisikia mtu akiwaita?"

"Tulimsikia bosi."

"Mlimwitikia?"

"Tuliongea naye. Njia haikuziba yote, palibaki tundu la kupita sauti. Alituuliza tupo wangapi. Jilala akamwambia, wawili, tuko hai. Akasema anakwenda kuleta magogo na watu. Asubuhi akarudi akaita tena. Akasema tusogee mbali na tundu, turudi kabisa huku juu, maana anashusha magogo yasituumize." Donatus akavuta pumzi. "Tukasogea. Kikaja kifusi."

Hosiana aliandika yote, neno kwa neno. Aliwaambia wachimbaji watoke, isipokuwa wanne wa kumpandisha marehemu. Donatus akabebwa mpaka kwenye gari. Kisha Hosiana akaenda baraza ya nyuma na daftari lake mkononi, Charles akimfuata akichechemea.

Benjamini alikuwa ameegemea nondo. Alishasikia. Dirisha lilikuwa wazi, na msikiti ule haukujua kuficha sauti ya mtu yeyote.

"Saa tano asubuhi uliniambia uliita, hakuna aliyeitika," Hosiana alisema. "Nilikusomea, ukakubali. Unataka kubadilisha kitu?"

Benjamini alitazama mikono yake.

Paskazia alitokea kwenye kona ya ukuta. Askari alitaka kumzuia, Hosiana akamwashiria amwache. Mwanamke alikuja mpaka mbele ya Benjamini, karibu kabisa, naye akarudi nyuma mpaka pingu zikamzuia.

"Baba Ritha," alisema. Aliongea polepole, kama anavyoongea na jirani. "Ulipomwambia asogee ulete magogo. Mume wangu alijibu nini?"

"Mama Salome, mimi..."

"Nataka kujua alichosema tu."

Kutoka ndani walisikia wachimbaji wakihesabu pamoja, wakivuta kamba.

"Alisema asante," Benjamini alijibu. "Alisema, asante, bosi."

Hosiana aliyaandika maneno hayo chini ya yale ya Donatus. Akaandika saa na tarehe. Akamfungua Benjamini mkono wa kulia, akaweka daftari juu ya ukingo wa dirisha, akampa kalamu.

"Saini hapo," alisema.